Nyanya za Nyanya, Shambani kwa Jirani

Nianze na ukweli: nilimwonea jirani yangu wivu mpaka nikashindwa kuitikia salamu yake. Si wivu wa nguo, wala wa bwana. Wivu wa nyanya. Tena nyanya ambazo miche yake ilitoka mkononi mwangu mimi mwenyewe.

Tunalima chini ya zile nyaya kubwa za stima hapa mtaani Lucky Summer, Nairobi, kwenye kipande kirefu ambacho hakuna mtu anaruhusiwa kujenga nyumba. Kila mtu ana sehemu yake, na mpaka ni chochote ulichopanda pembeni. Mpaka wangu na wa jirani ni mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, na ukisimama kwa ncha za vidole unaona kwake kote. Mwaka huo nilisimama sana kwa ncha za vidole.

Mbegu ilikuwa ya mama yangu. Nyanya zenyewe ni ndogo, zimejikunja kama zimenuna, ngozi nyembamba, na uchachu wake unakufanya ufumbe jicho moja. Mama alizipanda nyuma ya jiko kwetu Busia maisha yake yote. Nilipoolewa nikaja Nairobi, alinifungia mbegu kwenye kipande cha kitambaa, akaniambia nisiwe mtu wa kununua nyanya kama asiye na kwao. Watoto wangu waliziita nyanya za nyanya, wakacheka wenyewe, maana kwa Kiswahili chetu cha huku tunda na bibi ni neno moja. Kisha mama akafa, ndugu zangu wakapanda miwa mpaka mlangoni pa jiko lake. Nyanya za nyanya zikabaki kwangu peke yangu.

Na hata kwangu zilibaki kwa bahati. Mvua ya masika ilivujia mkebe nilimokuwa naweka mbegu, nikaikuta imeota ukungu. Nilichambua ile iliyopona nikaipanda yote kitaluni. Yote, sikuacha hata punje. Kwa hivyo miche ile ikifa, nyanya za mama yangu zimekwisha duniani. Nilijua hilo tangu siku ya kwanza, na halikunitoka kichwani.

Mtu ataniuliza, sasa kwa nini ulimgawia jirani? Kwa sababu kwetu mche haubanwi. Ukihamisha miche na michache ikabaki kitaluni, huiuzi, huitupi, unampa wa karibu nawe. Na huyu alikuwa mgeni, ametoka kwao Ukambani juzijuzi kumfuata mumewe dereva wa lori. Mwanamke mdogo, mpole, wa kusalimia watu kwa mikono miwili. Alipokea ile miche kama amekabidhiwa mtoto. "Asante sana, mama," akasema, na mimi nikajiona mtu mkubwa. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi nikakaa kungoja kupona.

Kiangazi kikaja, na utitiri ukaja nacho.

Utitiri niliujua wa kuku, ule unaokufanya ujikune mwili mzima ukitoka bandani. Huu ulikuwa wa mimea, mwekundu, mdogo kiasi kwamba ukiupangusa kwa kidole unaona alama ya kutu tu. Unakaa chini ya jani unanyonya. Juu ya jani yanatokea madoa madogo meupe, mengi, kana kwamba mtu amelidunga kwa sindano. Kisha jani linageuka rangi ya shaba, linakauka, na shina zima linafungwa utando kama wa buibui. Nikaenda agroveti, duka la dawa za mimea. Muuzaji akanipa dawa kali. Niliipulizia, ikanichoma macho, ikaua nyuki, ikaua wale wadudu wekundu wa madoadoa mgongoni ambao watoto hupenda kuwashika. Iliua kila kitu isipokuwa utitiri. Utitiri ulinawiri! Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba hao niliowaua ndio waliokuwa wakiula. Wakati huo sikujua, nikarudi agroveti nikapewa kali zaidi.

Na upande wa pili wa mabingobingo? Kijani. Kijani cha kukutukana.

Nina kibanda cha mboga kando ya barabara. Wateja wangu, walewale ninaowawekea sukuma wiki hata wakichelewa kutoka kazini, wakaanza kuniambia, "Mathe, zile nyanya ndogo kali za yule mama mwingine huna?" Za yule mama mwingine! Nyanya za mama yangu mzazi! Mmoja nilimjibu, "Sina. Nenda kwake, na akupikie pia." Hakurudi kwa muda mrefu.

Kisha mzee wangu, baba watoto. Yeye ni fundi wa mbao Gikomba, mtu wa maneno machache, na jioni moja alirudi nyumbani akitafuna nyanya. Nilipomwuliza ameitoa wapi akasema jirani amempa njiani. "Yule mama analima," akasema, mdomo umejaa.

"Na mimi nafanya nini? Nacheza bao?"

"Wivu ni kidonda," akaniambia, "ukishiriki utakonda."

Sikukonda. Mimi nikikasirika nakula. Lakini usiku huo sikumpakulia, alijipakulia mwenyewe.

Nikaanza kumchungulia huyo mkulima. Kila baada ya siku kadhaa, jua likishapoa, anafunga leso kiunoni, anabeba pampu mgongoni, na anapulizia kutoka chini kwenda juu, akigeuza jani kwa jani kama anayemtafuta mtoto chawa kichwani. Asubuhi hapulizii kamwe. Wala hajifungi pua. Mimi nikipulizia najifunga uso mzima kama mwizi, yeye anaimba nyimbo za kanisa kwa Kikamba. Nikasema hapana, hapa kuna jambo. Mtaani kwetu neno dawa limebeba mengi: kuna dawa ya hospitali, dawa ya panya, dawa ya mimea, na kuna ile dawa nyingine ambayo mtu haiendei mchana. Nilifika mahali pa kufikiria hiyo ya mwisho. Wivu hauna haya.

Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza kupitia mabingobingo, bila hata salamu.

"Unatumia dawa gani?"

"Si dawa, mama. Naweka wadudu."

"Wadudu?"

"Wale wadogo kabisa. Bakteria."

Nilicheka, na nilicheka kwa makusudi. "Bakteria! Si ndio hao tunaambiwa tuwanawe kwa sabuni? Wewe unawapulizia kwa chakula cha watu?"

Hakukasirika. Hiyo ndiyo tabia yake mbaya, hakasiriki. Alivuka akaja upande wangu, akaligeuza jani moja, akalipiga picha kwa simu, kisha akaikuza kwa vidole akanionyesha. Niliona viumbe wenye miguu minane wamejazana chini ya jani la nyanya ya mama yangu, na mayai yao ya duara kila mahali. Ngozi ilinisisimka. Akanieleza polepole, kwa heshima zote, kama anayezungumza na mama mkwe: kuna bakteria wa kuleta magonjwa, na kuna wengine wanaishi udongoni tu, hawamdhuru mtu. Kikundi chao cha akina mama kule nyumbani kilifundishwa kuwatumia na watu wa utafiti, na mpaka sasa wanamtumia chupa kwa lori la mumewe. Unawapulizia pale chini utitiri unapokula. Utitiri hauanguki papo hapo. Unapoteza hamu ya kula, unapunguza kutaga, unakwisha kidogo kidogo, na wadudu wazuri wanabaki. Ila lazima iwe jioni, kwa sababu jua huwaua hao bakteria.

"Wana uhai, mama," akasema. "Lazima uwatunze. Nikuletee chupa?"

"Sihitaji," nikasema.

Nilihitaji! Nilihitaji kuliko nilivyowahi kuhitaji kitu. Lakini nilikaa na "sihitaji" yangu, nikiitazama miche ya mama ikigeuka vijiti, kwa sababu kupokea kutoka kwake kulikuwa kunanishinda kumeza. Mimi ndiye niliyempa. Mimi ndiye mwenyeji. Inakuwaje leo nikinge mikono?

Yalipobaki mashina ya kuhesabika, nilikwenda. Nilikuwa nimepanga maneno yenye kiburi kidogo, ili isionekane naomba. Sikupata nafasi ya kuyasema. Aliponiona tu aliingia ndani akatoka na chupa. Maji yake yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na harufu ya uji uliochacha.

"Itikise kwanza," akasema. "Jioni. Chini ya majani. Na maji ya kuchanganyia yawe safi, mama. Maji safi."

Hakutaka chochote. Afadhali angetaka kitu! Mtu akikupa bure kile unachomwonea wivu, unarudi nyumbani na wivu wako na deni la shukrani juu yake.

Sasa, kwangu kuna mapipa mawili, kama kwa kila mtu kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga. Jeusi ni la maji machafu, ya kudeki na ya choo. La samawati ni la maji safi. Tangu kipindupindu kilipopita mtaani na kuchukua mtoto wa ploti ya pili, hakuna mtu hapa anayeyaita maji safi kama hayajatiwa dawa, hata yang'ae vipi. Akina mama wa afya walipita nyumba kwa nyumba wakatufundisha, na tukashika. Maji safi ni maji yenye dawa, kwisha. Kwa hivyo jirani aliposema maji safi, tena akarudia, mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye pipa la samawati. Hata nikaongeza kifuniko kingine cha dawa, nikasema hawa wadudu wa kuponya nao wapate maji ya heshima.

Nikapulizia jioni. Chini ya majani, jani kwa jani, mgongo ukinililia. Nikapulizia tena baada ya siku kadhaa, na tena, mpaka chupa ikaisha. Nilifika hatua ya kuimba na mimi. Utitiri ulisikiliza nyimbo zangu ukaendelea kula.

Siku shina la mwisho lilipokauka, nililing'oa na mizizi yake nikavuka nalo kwa jirani.

"Ulinipa maji matupu!"

"Mama?"

"Usiniite mama! Ulinipa maji ya uji, ukabaki na dawa yako. Mimi nilikupa miche, wewe! Kweli asante ya punda ni mateke!"

Watu wa mashamba mengine walisimama wakiegemea majembe, sinema ya bure. Jirani alinywea. Alichukua lile shina mkononi mwangu, akaligeuza jani, akalitazama.

"Ulipulizia jioni?"

"Jioni."

"Chini?"

"Uliza mgongo wangu."

"Kwa maji gani?"

"Safi! Ya pipa la kunywa kabisa, na dawa nilitia kwa mkono wangu huu."

"Dawa gani?"

"Dawa ya maji! Kwani wewe hunywi maji?"

Alijifunika mdomo kwa leso. Nilidhani ameshtuka. Kumbe anacheka. Mabega yalikuwa yanaruka, na alipojaribu kujizuia ndipo kikatoka kicheko chenyewe, cha mtu aliyechoka kujizuia.

"Mama," akasema akifuta macho, "dawa ya maji kazi yake ni kuua bakteria."

Niliwaua wote ndani ya ndoo, kabla hawajaliona jani hata moja. Kwao Ukambani, alinieleza, mto ukikauka wanachimba mchangani, na yale yanayotoka huko chini, yaliyochujwa na mchanga, ndiyo maji safi. Safi maana yake hayana tope la kuziba pampu. Yeye mwenyewe anatumia maji ya mvua ya bati. Alisema safi ya kwao, mimi nikasikia safi ya Lucky Summer. Watu wawili wanaongea Kiswahili kimoja, chini ya nyaya zilezile za stima, na nyanya za mama yangu zimelala chini! Kile kicheko sijakisamehe mpaka leo, najua hakikuwa na ubaya na sijakisamehe.

Alipoona sicheki, akaacha. Akatafuta neno la kunifariji.

"Pole, mama. Lakini hata hivyo msimu unaisha. Hata mimi nang'oa zangu leo. Hizi ndogo zinapasuka njiani nikizipeleka sokoni, nataka nipande zile kubwa."

Jembe lilikuwa pale, limeegemezwa kwenye shina la kwanza.

Upande wangu hakukuwa na kitu tena, ni vijiti na utando. Nyumbani hakukuwa na mbegu. Nyuma ya jiko la mama kulikuwa na miwa. Kila kitu kilichobaki cha nyanya za nyanya kilikuwa kimesimama mbele yangu, kijani, kwenye shamba la mwanamke ambaye nimetoka kumwita punda mbele ya watu.

Na nilitaka kunyamaza. Haki ya Mungu, nilitaka. Kuna wivu unaokuambia afadhali kitu kife kuliko kiishi kwa fulani, na niliusikia ukiniambia hivyo kwa sauti yangu mwenyewe, sauti ya mtu mwenye akili timamu. Wacha ang'oe, ukasema. Mtakuwa sawa.

"Usizing'oe," nikasema.

"Kwa nini?"

"Ni za mama yangu."

Akatazama huku na huku. "Mama yuko wapi?"

"Alikufa. Hizo ndizo zimebaki."

Hapo nililia. Nilichukia kulia mbele yake, na kule kuchukia kukaniliza zaidi. Yeye aliliondoa jembe akaliweka mbali, upande wa njia, kama mtu anayeondoa kisu karibu na mtoto.

"Mbona hukuniambia, mama? Muda wote huu?"

Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa na kazi nyingi ya kumchungulia?

Zilizoiva zilikuwa chache, nyingine alishauza. Alizichuma zote akazitia kwenye sufuria, akaisuuza moja akanipa mkononi. Nikaiuma. Mungu anisamehe, ilikuwa na ule uchachu wa kufumba jicho, lakini nyuma yake ukaja utamu ambao nyanya za mama hazikuwahi kuwa nao. Ilikuwa kubwa kuliko za mama. Ilikuwa na afya kuliko za mama. Mama alizilima maisha yake yote, kwa majivu na maji ya kuoshea vyombo, nusu yake ikiliwa na hawahawa wadudu ambao aliwaita ukungu wa kiangazi kwa kukosa jina, na hakuwahi hata siku moja kuvuna nyanya kama ile. Mpaka hapo nilikuwa nimemwonea yule mwanamke wivu kwa ajili yangu. Sasa nikamwonea wivu kwa niaba ya mama.

"Ni tamu?" akaniuliza.

"Ni sawa," nikasema.

Nilikamua mbegu, nikaziacha zichache kidogo, nikazisuuza na kuzianika kwenye gazeti. Maji ya kusuuzia niliomba kwake, ya mvua. Nilipanda kitaluni, zikaota vizuri, zikafika kimo cha kuhamishwa. Jirani akaniambia, kwa sauti ya chini, ya kuogopa mkwaruzano mwingine, kwamba shamba langu bado ni gonjwa. Utitiri umejificha kwenye magugu, na zile dawa zangu kali zilimaliza kila mdudu ambaye angenisaidia. Itachukua muda. "Nikupandie kwangu mwaka huu?" akauliza.

Nikamwambia nitapanda kwangu. Nikapanda michache, ya kwanza, ile minene. Baada ya wiki nilipiga magoti nikageuza jani la chini kabisa, na pale pale nikaona yale madoa meupe. Machache tu bado. Nilikaa chini kwenye udongo kwa muda, na nilijua vizuri sana ninachotakiwa kufanya, ndiyo sababu nilikaa.

Mche ukishautoa, huudai. Huwezi kumpa mtu mche leo, kesho ukasema tunda ni langu. Kwetu hilo ni jambo la aibu, afadhali uibe. Ningeweza kumwambia anitunzie tu, na angekubali, angekubali lolote yule. Lakini mtu hatunzi cha mtu mwingine jioni hadi jioni, jani kwa jani, mwaka hadi mwaka. Anatunza chake. Nilichukua miche yote iliyobaki kitaluni, nikaifunga kwa majani ya mgomba, nikavuka. Sikusema maneno mengi. Nilisema, "Chukua. Ni yako." Akaipokea kwa mikono miwili, na safari hii hakusema asante.

Zinamea kwake. Wateja wanaziita zake, na kuna siku nawarekebisha na kuna siku naacha. Wivu upo, haujaenda popote, unaamka na mimi asubuhi. Na jioni nikitaka kuziona nyanya za mama yangu, nasimama pale kwenye mabingobingo na kupiga hodi, kisha nangoja aniambie karibu.